Gari Bovu na Sheria ya 1888

Sheria inayomlinda mtu aliyeuziwa gari bovu hapa Goma ni ya tarehe 30 Julai 1888. Wakati ule Goma haikuwa mji, na gari la Carl Benz, lile lililopewa hataza huko Ujerumani, lilikuwa na umri wa miaka miwili. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeishika Kongo kama mali yake mwenyewe, alitoa dekreti kuhusu mikataba, na wanasheria wake walichota maneno karibu yote kutoka kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804. Humo mna vifungu kuhusu kasoro zilizofichika. Bado vipo. Vimepita katika Kongo ya Leopold, Kongo ya Wabelgiji, Zaire na vita vyetu vyote, na wakili anayemtetea mtu aliyeuziwa injini iliyopasuka bado anafungua kurasa zilezile.

Mimi si wakili. Ni fundi wa magari, nilijifunza kazi katika gereji moja ya mtaa wa Birere hapa Goma miaka ya 1980. Baadaye mahakama zikaanza kuniita kama mtaalamu: ninaapa, ninafungua injini mbele ya pande zote mbili, ninaandika nilichokiona. Kanuni ya mwenendo wa kesi za madai, dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, inamruhusu hakimu kumtafuta mtu wa namna yangu pale jambo linapozidi elimu yake. Ndivyo nilivyoijua sheria hii, kupitia mikono yenye oili, na ninaipenda kwa sababu nimeona inavyoweza kumnusuru mtu aliyedhulumiwa.

Inasema hivi, kwa ufupi. Muuzaji anawajibika kwa kasoro ambayo mnunuzi hakuweza kuiona, iliyokuwamo tayari siku ya kuuziana, na iliyo nzito kiasi kwamba mnunuzi angeijua asingenunua, au angetoa bei ndogo zaidi. Ikithibitika, mwenye kuchagua ni mnunuzi: arudishe gari apewe fedha zake, au abaki nalo arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji ambaye hakujua hurudisha bei na gharama za kuuziana. Aliyejua akanyamaza hulipa pia hasara iliyofuata. Mlango uliobonyea haumo, maana kila mtu anauona. Bloku iliyopasuka, ikachomelewa na kupakwa rangi, hiyo imo.

Chimbuko lake ni la zamani sana. Katika soko la Roma ya kale kulikuwa na maofisa waliosimamia biashara, na walimlazimisha muuzaji wa mnyama kutangaza ugonjwa wa mnyama wake kabla ya kupokea fedha. La sivyo, mnyama hurudishwa. Amri hiyo ilihusu pia watumwa, na ni vizuri kulisema hilo bila kulificha. Lakini wazo la msingi, kwamba anayekijua kitu ndiye mwenye wajibu wa kusema, mfugaji yeyote wa Masisi angelielewa bila kusomewa kitabu.

Kwa miaka mingi sheria ya 1888 haikuwa yetu. Chini ya Wabelgiji magari ya Kivu yalikuwa ya mashamba makubwa, misheni na serikali, na Mkongo aliyekuwa na ugomvi na Mkongo mwenzake alipelekwa kwenye mahakama za wenyeji zilizopangwa kwa dekreti ya 1926, zikifuata mila. Kitabu cha 1888 kilikaa upande wa wazungu. Uhuru ulikuja mwaka 1960, kitabu kikawa cha wote, ila magari yalibaki machache. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza hatua ambazo tunaziita zairianisation: maduka, mashamba na gereji za wageni vikapewa Wazaire. Wengi waliopewa hawakuijua kazi. Vipuri vikaadimika, na fundi wa enzi zile alilazimika kuchonga mwenyewe alichokikosa. Januari ya 1974 serikali ilianzisha ofisi ya udhibiti wa bidhaa, ambayo sasa ni OCC, kukagua ubora wa vitu vinavyoingia nchini. Wauzaji wengi mpaka leo wanaonyesha karatasi ya ofisi hiyo kana kwamba inawatoa kwenye wajibu wao. Haiwatoi. Ukaguzi wa mpakani ni jambo kati ya serikali na mwingizaji, na dhamana ya muuzaji ni jambo kati yake na mnunuzi.

Nilipoanza kazi, bosi wangu alikuwa akiuza magari mawili matatu kwa mwaka, ya zamani, yaliyofufuliwa kwa mkono. Alikuwa na namna yake, na sijaona iliyo bora. Mnunuzi alilipa nusu. Alikabidhiwa gari pamoja na mmoja wetu vijana wa gereji, akaenda nalo hadi Rutshuru, zaidi ya kilomita 70, akalala huko, akarudi. Njiani tulipima maji, tukasikiliza gia, tukatazama moshi kwenye miinuko. Gari likirudi salama, nusu ya pili ililipwa mbele ya mashahidi wawili. Likirudi na tatizo, bosi aliliingiza gereji bila neno. Hakuwa mwanasheria, lakini alikuwa akitekeleza sheria ya 1888 kuliko watu wengi wenye digrii.

Kuna sentensi moja katika vifungu vile ambayo naona imesahauliwa, nayo ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Mnunuzi anatakiwa kushtaki katika muda mfupi, lakini sheria haihesabu siku. Inasema muda huo utategemea aina ya kasoro na desturi ya mahali walipouziana. Maana yake, waliotunga sheria wakiwa mbali kabisa na hapa waliacha nafasi ijazwe na watu wa mahali. Safari ile ya Rutshuru ilikuwa desturi ya mahali. Hakimu angeweza kuuliza: hapa kwenu mtu hulijaribu gari kwa muda gani kabla ya kulikubali? Na kungekuwa na jibu.

Jibu hilo liliangamia katika Julai ya 1994. Kwa siku chache watu mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda na kujaa Goma na pembezoni mwake, kipindupindu kikafuata, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada na magari yao meupe. Sijawahi kuona mji ukigeuka haraka namna ile. Mashirika yalipofunga miradi yaliuza magari kwa mnada. Gari lililokimbizwa mwaka mzima kwenye barabara za kambi lilioshwa, likapigwa picha, likauzwa kwa bahasha iliyofungwa, na chini ya karatasi kuliandikwa kwamba linauzwa kama lilivyo. Watu wa Goma waliiga maneno hayo. Leo utayakuta hata kwenye karatasi ya kuuziana pikipiki.

Hapo pana kosa ambalo nimelisikia hata midomoni mwa watu waliosoma. Wanasema mnada hauna dhamana. Sheria inaondoa dhamana katika mauzo yanayofanywa kwa amri ya mahakama, kama mali ya mdaiwa inapopigwa mnada. Shirika linalouza gari lake kwa hiari ni muuzaji kama mwingine. Linaweza kuandika kwamba halitoi dhamana, na maneno hayo yanamkinga muuzaji ambaye kweli hakujua kasoro. Aliyejua hayamkingi. Mahakama za Ufaransa na Ubelgiji, ambazo mawakili wetu huzisoma kwa kuwa kitabu ni kimoja, zimekwenda mbali zaidi: mtu ambaye kazi yake ni kuuza magari huchukuliwa kwamba alijua, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kujua.

Baada ya 1994 likaja wimbi la pili. Waasi wa RCD walikaa Goma kuanzia 1998 hadi 2003, na mwaka 2000 bei ya koltani, madini ya kwetu, ilipaa duniani. Vijana ambao hawakuwahi kumiliki baiskeli walinunua magari kwa fedha taslimu, papo kwa papo. Ndipo komisioneri alipozaliwa kama tunavyomjua sasa: hana gari, hana gereji, ana simu na maneno. Anamleta muuzaji kwa mnunuzi, anachukua chake, na siku ya ugomvi anasema yeye si aliyeuza. Kadi ya gari, carte rose, inabaki kwa jina la mtu wa tatu ambaye labda yuko Kampala au amekufa. Sheria inauliza swali rahisi: nani alikuuzia? Nimewaona watu wazima wakishindwa kulijibu mbele ya hakimu.

Kisha, tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilitema moto hadi katikati ya mji. Gereji tuliyokuwa tukifanyia kazi ilifunikwa. Ninautaja mlima huu kwa sababu umeingia kwenye kesi zetu kwa njia ya ajabu. Barabara nyingi za Goma ni mawe ya lava, makali, na vumbi lake jeusi linaingia kwenye kila kichujio. Kwa hiyo muuzaji anaposhtakiwa ana utetezi uliokwisha tayarishwa: gari lilikuwa zima, limeharibiwa na barabara za Goma. Na mara nyingine anasema kweli. Springi mpya inaweza kukatika hapa katika miezi michache. Hivyo swali lote la sheria, kasoro ilizaliwa kabla ya kuuziana au baada, linaniangukia mimi na tochi yangu.

Nieleze kesi moja. Mama mmoja mfanyabiashara alinunua basi dogo la kubeba abiria kati ya Goma na Sake. Siku ya kumi na nane lilianza kuchemka. Alikuja kwangu akasema, "Papa fundi, hii gari hata kupanda Mont Goma inakatala." Muuzaji alikuwa na karatasi yenye maneno ya kama ilivyo, na alikuwa na hoja ya barabara. Mahakama ikaniagiza nifungue.

Nilianza na kifuniko cha oili. Chini yake palikuwa na utando wa rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yanakutana na oili. Hilo peke yake halisemi lilianza lini. Nilipotoa kichwa cha injini niliona gasketi mpya, lakini pembeni yake pamepakwa gundi nyekundu kwa wingi, na fundi mwenye gasketi nzima hapaki gundi hapo. Boliti mbili kati ya zile za kichwa zilikuwa na alama za spana iliyoteleza, na alama zile zilikuwa zimeshaota kutu. Kutu haioti kwa siku kumi na nane ndani ya injini yenye oili na moto. Kati ya silinda ya pili na ya tatu palikuwa na ufa mwembamba, umesuguliwa kwa jiwe la kunolea ili usionekane. Na ndani ya mfereji wa maji nilikuta mabaki ya ile dawa ya unga inayomwagwa kwenye rejeta kuziba mivujo kwa muda. Nilimwita hakimu asogee aguse kwa kidole. Aligusa.

Niliandika mambo manne: ufa ulikuwepo kabla ya siku ya kuuziana, mtu aliuona, maana aliusugua, haikuwezekana kuuona bila kufungua injini, barabara haipasui kichwa cha injini kwa namna ile. Muuzaji alikaa kimya siku ile, na wiki iliyofuata wakili wake aliomba wapatane. Mama alirudishiwa bei na gharama za kulivuta basi. Faida ya safari alizozikosa hakuipata, ingawa sheria ingempa kwa kuwa muuzaji alijua. Alikuwa amechoka, na watoto walikuwa wanangoja ada ya shule. Sikumlaumu, ila iliniuma.

Magari tunayoyapata sasa yameongeza kasoro ambazo waandishi wa 1888 wasingeweza kuziota. Mengi yanatoka Japani, ambako gari hukaguliwa kila baada ya miaka miwili likishapita miaka mitatu ya kwanza, na ukaguzi una gharama, basi wenye nayo huyauza mapema. Mengine yanapitia Dubai na Sharjah, na miongoni mwake yamo yaliyogongwa Marekani yakanyooshwa. Yanateremka Mombasa au Dar es Salaam, yanapita Kampala au Kigali. Kenya, Uganda na Tanzania wanaendesha kushoto, sisi tunaendesha kulia. Basi dogo lenye usukani wa kulia lina mlango unaofungukia katikati ya barabara yetu, na abiria anashukia mbele ya lori. Kwa hiyo mafundi wengine huhamisha usukani: wanakata dashibodi, wanachomelea mabano mapya ya mhimili, wanafunika kwa plastiki. Usukani ule unaonekana wa kiwandani. Nimefungua mmoja nikakuta mhimili umeunganishwa kwa kipande cha bomba la maji na weldingi ya upande mmoja. Hiyo ni kasoro iliyofichika, na inaua. Kuna kurudisha nyuma kilomita pia, jambo ambalo kwa kompyuta ndogo halichukui muda wa kunywa chai.

Tena gari hilo limepita katika sheria za aina mbili. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi sheria ya mauzo ya Waingereza, na Kenya, ambayo pia inazuia magari yaliyozidi miaka minane, ikaongeza sheria yake ya kumlinda mlaji mwaka 2012. Serikali ya Kinshasa nayo ilitoa dekreti ya kikomo cha umri wa magari mwaka huohuo wa 2012. Septemba yake nchi yetu ikaingia pia OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi kadhaa za Afrika, ambayo kanuni zake za mauzo zinahusu mfanyabiashara anayemuuzia mfanyabiashara mwenzake: kasoro inayoonekana itangazwe ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea mali, iliyofichika ndani ya mwaka mmoja tangu igunduliwe. Huko Marekani jimbo la Connecticut lilitunga mwaka 1982 sheria inayomlazimisha mtengenezaji kubadilisha gari jipya lililokataa kutengenezeka. Ninawaonea wivu kwa jambo moja tu: mnunuzi wao anajua anayemdai. Wetu ananunua gari la mkono wa tano.

Tatizo jingine ni mlango wa mahakama. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inaipa mahakama ya amani madai yasiyozidi faranga za Kongo 2,500,000. Ilipotungwa, hizo zilikuwa zaidi ya dola 2,500, bei ya gari la kawaida kabisa. Faranga imeshuka, kiasi hakijabadilishwa, na kwa hiyo karibu kila ugomvi wa gari ukawa unapelekwa mahakama kuu, kwenye gharama kubwa na safari ndefu. Watu walikimbilia polisi badala yake. Walishtaki utapeli chini ya kanuni ya adhabu ya 1940, muuzaji akawekwa ndani siku mbili, akatoa fedha kidogo, akatoka. Ofisa alipata chake. Mnunuzi alipata nusu ya haki yake na adui wa kudumu. Ninaelewa kwa nini walifanya hivyo, lakini kila aliyefanya hivyo alizidi kuizika ile sentensi ya desturi ya mahali, kwa kuwa hakuna hukumu iliyoandikwa, na hakimu wa kesho hatakuwa na pa kusoma Goma ilikuwa ikifanya nini.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa, mahakama za serikali zikasimama. Magari hayakuacha kuuzwa. Mengine yaliuzwa kwa sababu mwenyewe alikuwa anakimbia, na bei ya mtu anayekimbia kila mtu anaijua. Ugomvi sasa unaletwa kwa wazee wa mtaa, kwa wachungaji, na kwangu. Sina mamlaka ya kuhukumu na sihukumu. Wanaonisikiliza nawaambia wafanye kama bosi wangu: robo au nusu ya bei ibaki kwa mtu wanayemwamini wote wawili, gari liendeshwe juma zima kwenye mawe na miinuko, na kwenye karatasi muuzaji aandike kwa mkono wake kilomita, matengenezo anayoyajua, na kama usukani ulihamishwa. Wachache wanakubali. Muuzaji akikataa kuandika sentensi hizo tatu, mnunuzi namwambia hilo tu, bila kuongeza neno.

Na wanaokuja gari likiwa limeshaharibika, nawafungulia injini kama zamani, muuzaji akiitwa awepo. Ninaandika namba ya chesisi, namba ya injini, siku waliyouziana, siku kasoro ilipoonekana na siku muuzaji alipoambiwa. Siku muuzaji alipoambiwa naiandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake, kwa sababu mahakama zikifunguliwa, jambo la kwanza wakili wa upande wa pili atakalosema ni kwamba muda mfupi umepita. Nakala moja inakwenda na mnunuzi, moja kwa muuzaji, ya tatu inabaki kwangu kwenye sanduku la chuma.